Siku Moja Nje ya Kisumu na Watoto: Impala, Dunga, Kit Mikayi, Ndere na Msitu wa Kakamega

Mzazi wa Kisumu akilalamika kwamba watoto wake "hawapendi mambo ya msitu", muulize kwanza walitoka nyumbani saa ngapi. Mara nyingi jibu ni saa nne, baada ya chai nzito na nusu saa ya kutafuta soksi. Hapo siku imeshaharibika kabla gari halijafika mtaa wa Kondele. Upande huu wa nchi mchana una tabia yake: jua la asubuhi hupasha ardhi moto, upepo wa ziwa huingia bara na kupandishwa na miinuko ya Maragoli na Nandi, na kuanzia saa nane hivi mawingu yaliyojikusanya huanza kumwaga. Aliyetoka saa nne hupigwa na jua la saa sita akiwa safarini, kisha mvua ya saa tisa akiwa katikati ya njia, na wanyama aliowafuata wamejificha kivulini muda wote huo. Kwa hiyo tathmini zote zilizo hapa zinachukulia kwamba familia iko barabarani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na inageuza kurudi kama saa saba. Nje ya saa hizo, hata mahali pazuri patapata alama mbaya.

La pili ni miguu ya mtoto. Sehemu hizi tano hazishindani, kwa sababu kila moja ina umri wake. Kosa la kawaida ni kuchagua kwa jina: msitu wa Kakamega ni maarufu, basi mtoto wa miaka mitatu anapelekwa huko, anabebwa mgongoni saa tatu, na baba anarudi na kiuno kilichokufa ganzi.

Kwa walio chini ya miaka mitano, anza na Impala. Hifadhi hii iko ufuoni, yapata kilomita tatu kutoka katikati ya mji, na ilitengwa mwaka 1992 kuwalinda swala pala wachache waliokuwa wamebaki huku mji ukizidi kuwazunguka. Swala na tumbili huzurura; simba, chui na duma wako ndani ya vizimba. Anayetarajia nyika atasikitika, kwani hapa ni karibu zaidi na bustani. Lakini njia ni fupi, vivuli vipo, vyoo haviko mbali, na mtoto anayeanza kutembea anaweza kwenda kwa miguu yake mwenyewe bila mtu kumshika mkono kila hatua. Saa mbili zinatosha. Ukifika mapema utamkuta simba akizunguka. Ukifika saa sita utamwonyesha mtoto gunia la manyoya lililolala.

Tatizo la Impala ni tumbili. Wanajua sauti ya karatasi ya biskuti kuliko mtoto mwenyewe. Chakula kikae kwenye mfuko wenye zipu, kisitolewe mkononi ukiwa unatembea, na mtoto afundishwe kabla ya kuingia langoni: tumbili akishika, achia. Anayevutana ndiye anayekwaruzwa. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na ngozi ikakatika, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama kidonda kitavimba.

Dunga, ufuo wa wavuvi, ni mwendo mfupi tu kutoka hapo, na kwa pesa chache hakuna pa kupashinda. Watu wengi wanaijua kwa samaki tu, nao wanageuka bila kuona kilicho bora zaidi: kinamasi cha mafunjo. Humo anaishi ndege wa jamii ya tiva ambaye makao yake ni mafunjo tu, mweusi mgongoni, kifua chekundu kama nyanya, kichwa cha manjano. Humo pia hujificha nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka zinazomsaidia asizame matopeni. Nzohe huonekana kwa nadra, kwa hiyo usimwahidi mtoto. Ndege utawasikia kabla ya kuwaona; simama mahali pamoja dakika kumi badala ya kutembea. Ukipita kwenye njia ya mbao, mtu mzima atangulie akikanyaga palipo na misumari, yaani juu ya nguzo, kwa sababu ubao ukioza huanza kulegea katikati. Ziwa hupanda na kushuka (mwaka 2020 lilipanda hadi likameza sehemu kubwa za ufuo huu), na mbao zilizowahi kulowekwa haziaminiki.

Mashua za Dunga zinafaa, kwa sharti moja: jaketi la kuokolea maisha linalomtosha mtoto. Si lolote lililoko. Mvalishe, funga vifungo vyote, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno, na majini litamtoka. Mtoto mdogo anahitaji lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Kama wana ya watu wazima pekee, shukuru, lipia samaki, mashua iachwe siku nyingine. Viboko nao waangaliwe kwa mbali. Nahodha anayesogea karibu ili mpige picha hafanyi hisani. Na kuchezea maji ya ukingoni, hata ya kifundo cha mguu, hapana: kwenye maji ya kina kifupi yenye mimea ndiko konokono wa kichocho wanakokaa, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote.

Kuhusu samaki, agiza kabla ya kuanza kutembea, kwa sababu wengi hukaangwa baada ya kuchaguliwa, na mtoto mwenye njaa hawezi kungoja mafuta yapate moto. Tazama macho yawe maangavu na mashavu ya ndani yawe mekundu. Kwa mtoto chini ya miaka saba omba kipande cha mbuta, maana mifupa yake ni mikubwa na huonekana; ngege ni mtamu zaidi lakini vimifupa vya mbavuni vitakufanya ule chakula baridi ukimchambulia.

Kit Mikayi ni ya watoto wa miaka sita na kuendelea. Unatoka Kisumu kwa barabara ya Bondo, karibu kilomita 29, na mawe yanaonekana yamepandana kama mtu aliyapanga, kiasi cha mita 40 kwenda juu. Jina kwa Dholuo ni jiwe la mke wa kwanza. Hadithi yenyewe ni ya mzee Ngeso, aliyelipenda jiwe hilo hadi akawa anashinda humo kutwa, na mkewe akiulizwa mumewe yuko wapi alijibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake. Mwongozaji atawaonyesha watoto lipi ni mikayi, lipi ni nyachira, mke wa pili, na lipi ni reru, wa tatu. Watoto wanapenda sana sehemu hii, na ukweli ni kwamba bila mwongozaji utaona mawe tu. Mlipe, usibane.

Pana mambo mawili ya kujua. Mahali hapa watu huja kusali na kufunga, kwa hiyo kelele na spika ya muziki ni utovu wa adabu. Na mawe haya hushika joto: saa mbili asubuhi ni baridi ya kupendeza, saa sita ni kikaango. Kupanda si kazi ngumu, kazi ni kushuka. Mtoto ashuke akiwa ameelekeza uso kwenye jiwe, mtu mzima akiwa chini yake, na viatu viwe vya mpira wenye meno. Malapa yaachwe garini. Mvua ikiwa imenyesha usiku, mwisho wenu uwe kwenye kivuli cha chini.

Ndere tutaipitia haraka. Ni hifadhi ya kisiwa, kilomita za mraba 4.2, iliyotangazwa mwaka 1986, ina swala pala na ukimya ambao hutaupata popote karibu na Kisumu. Kwa watu wazima wawili ni siku tamu. Kwa familia yenye watoto wadogo hatuipendekezi: unafika na mashua asubuhi ziwa likiwa limetulia, halafu unarudi mchana upepo umeshaamka na mawimbi yanarusha maji ndani. Mtoto anayetapika kwenye mashua hana pa kushukia. Subiri wafike miaka kumi, na hata hapo panga kuondoka kisiwani kabla ya saa sita.

Sasa Kakamega, ambayo ndiyo sababu ya kuamka usiku. Msitu huu ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha misitu ya mvua inayoanzia Kongo na Afrika Magharibi; hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ndani yake mna kima, ndege, vipepeo na nyoka ambao Kenya nzima huwapati kwingine kwa urahisi. Una milango miwili inayofaa kwa familia, na watu huichanganya.

Isecheno iko kusini. Unakata kulia Khayega kabla ya kufika mji wa Kakamega, unapita Shinyalu, na kutoka Kisumu ni kama kilomita 55 hivi. Iko chini ya Huduma ya Misitu, na wanaojua msitu ni waongozaji vijana wa jamii ya hapo. Miti ni mikubwa na ya kale zaidi, na kima karibu na kituo wamezoea watu, kwa hiyo mtoto huona kitu ndani ya dakika kumi za kwanza. Hilo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa: mtoto aliyeona kitu mapema huvumilia saa nzima ya kutoona kitu baadaye. Shida ni barabara. Udongo mwekundu ukilowa, gari dogo huteleza kama sabuni, na mvua ya alasiri ikikukuta ndani, utatoka kwa kusukumwa.

Buyangu iko kaskazini, ng'ambo ya mji wa Kakamega, kama kilomita 18 kwenye barabara ya Webuye, kisha kilomita mbili hivi kuingia ndani hadi langoni. Inasimamiwa na KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1985. Msitu wake mwingi ni wa miti iliyoota upya baada ya kukatwa, kwa hiyo si mrefu kama wa Isecheno, ila hakuna msongamano, njia zimewekwa alama, na kuna kilima cha Buyangu cha kutazamia msitu wote ukiwa chini kama zulia, pamoja na maporomoko madogo ya mto Isiukhu. Tuseme wazi: maporomoko hayo ni madogo. Ukimwahidi mtoto kitu kama Thomson's Falls atakudai.

Uamuzi wetu: watoto wa miaka sita hadi tisa, Isecheno wakati wa kiangazi, hasa Desemba hadi Februari. Miaka kumi kwenda juu, au miezi ya mvua, Buyangu, kwa sababu lami inakufikisha karibu. Ila Aprili na Mei usiende na mtoto popote kati ya hizo mbili.

Malipo ya hifadhi za KWS ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hawapokei pesa taslimu langoni. Fungua akaunti na ulipe usiku wa kabla, nyumbani, penye mtandao, huku ukiangalia viwango vya siku hiyo maana hubadilishwa. Familia nyingi hupoteza nusu saa ya dhahabu langoni zikitafuta nenosiri, huku watoto wakiwa tayari wamefungua chapati. Na chupa za plastiki za maji na soda ziache nyumbani: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi, misitu na fukwe zilizolindwa. Beba chupa za chuma au zile ngumu za kujazwa tena. Lita moja na nusu kwa mtu mzima, lita moja kwa mtoto, inatosha asubuhi nzima kwa kuwa msituni kuna baridi.

Mwambie mwongozaji mapema, kabla ya kukubaliana bei: "Tunataka mzunguko wa saa mbili, mdogo wetu ana miaka saba, na tutasimama mara nyingi." Usipomwambia atakupeleka mzunguko aliozoea kuwapeleka watafiti na wageni wa ndege, saa nne bila kupumzika. Hesabu kilomita moja na nusu kwa saa ukiwa na watoto. Mpangilio wa kutembea ni huu: mwongozaji mbele, watoto katikati, mtu mzima wa mwisho nyuma kabisa, na hakuna anayemtangulia mwongozaji. Sababu ni nyoka aitwaye moma wa msituni, yule mnene mwenye mapambo ya majani makavu. Hakimbii mtu akija; hulala tuli, na anayeumwa ni aliyemkanyaga. Kwa sababu hiyo hiyo mtoto asikae kwenye gogo kabla halijaangaliwa pande zote mbili, na haja ndogo iwe kando ya njia, si vichakani.

Siafu ndio watakaokusumbua kweli, kuliko nyoka. Baada ya mvua hukata njia kwa safu nyeusi, na mtoto anayesimama kuwatazama tayari amesimama juu yao. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, raba au gambuti. Wakiingia, usimpapase mtoto papo hapo. Kimbieni hatua ishirini mbele kwanza, kisha watolewe mmoja mmoja taratibu. Ukifuta kwa mkono kichwa hubaki kikiwa kimeng'ata.

Cha kutazama. Mbega ndio nyota: weusi tii, vazi jeupe la manyoya mgongoni, mkia kama mjeledi wa chifu. Asubuhi hukaa kileleni wakiota jua, kwa sababu hula majani na majani hayawapi nguvu za haraka. Ndiyo sababu ukifika saa tatu utawakuta wazi na ukifika saa saba hutawaona. Waambie watoto watafute kidole gumba, mbega karibu hana. Kichanga chake huzaliwa mweupe pe. Kima ni wa kijivu. Mwenzake mdogo mwenye mkia mwekundu ana alama nyeupe puani yenye umbo la moyo, nayo watoto huikumbuka. Hondohondo hujulikana kwa mabawa: husikika yakikata hewa juu ya miti kama mtu anayefua nguo nzito. Na shorobo mkubwa wa buluu, ndege wa urefu wa karibu sentimita 75, hutembea matawini kana kwamba hajui kuruka.

Usisahau vya chini. Mtini mnyongaji hufundisha zaidi ya kitabu: ndege huangusha mbegu juu ya tawi, mizizi hushuka taratibu ikimzunguka mwenyeji, na mwenyeji akifa na kuoza hubaki bomba la mizizi lenye uwazi ndani. Mwombe mwongozaji awapeleke kwenye mmoja wenye uwazi, mtoto atazame juu akiwa ndani yake.

Darubini ya 8x ni bora kuliko ya 10x kwa mikono midogo, kwa kuwa ya 10x hukuza mtetemeko pia. Fundisha hivi nyumbani: tazama mnyama kwa macho, usiyaondoe, leta darubini machoni. Chini ya miaka saba hawaiwezi. Wape lenzi ya kukuzia, watambae na wadudu kwenye magogo yenye kuvu. Tochi moja ni lazima kama mtapanda kilima cha Lirhanda kule Isecheno, ambako kuna pango la wachimba dhahabu lenye popo ndani; enzi za dhahabu hapa zilikuwa miaka ya 1930. Mtoto anayeogopa giza asilazimishwe, mlango wake unatosha.

Chakula: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, njugu na chapati zilizokunjwa kwenye kitambaa, chai kwenye thamosi. Epuka juisi za sukari asubuhi, hamu ya maji huongezeka na vyoo msituni ni vichache. Kuleni mwishoni, karibu na gari, si katikati ya njia, la sivyo kima watawasindikiza mpaka mmalize.

Mkisikia ngurumo, hata ya mbali, mzunguko umekwisha. Ukanda huu hupigwa radi nyingi, na mti mrefu si mwamvuli. Gari lenye paa la bati na madirisha yamefungwa ndilo salama. Anayekuja kwa matatu achague Buyangu, atembee hizo kilomita mbili asubuhi, na aweke nguo kavu za watoto kwenye mfuko uliofungwa barabara, kwani matatu ya kurudi Kisumu ikijaa watu waliolowa madirisha hayafunguliwi. Mkifika nyumbani, kabla ya mtu kuketi kwenye kochi, kagueni kwapani, nyuma ya masikio na kiunoni kutafuta kupe. Mshike karibu na ngozi kwa kibano, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, na gambuti zibaki nje ya mlango zikiwa zimegeuzwa chini.